Tangi la samaki la plaiwudi, lita 660

Mbao haizuii maji. Kinachozuia ni ngozi ya epoksi utakayoipaka juu yake, yaani gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa zikagandana, na ngozi hiyo huanza kufa konani. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni useremala wa kawaida.

Langu liko ukumbini, nyumba ya chini, hapa Majengo. Ndani lina urefu wa sentimita 200, upana 60 na kimo 60, na maji nayafikisha 55. Hizo ni kilo 660 kabla ya mchanga, mawe na sanduku lenyewe, kwa hivyo usilipandishe ghorofani bila kumuuliza anayejua jinsi nyumba ilivyojengwa. Ukitaka kubwa zaidi, ongeza urefu au upana, kimo kiache. Kinachosukuma ni kina cha maji: hata kwa kina hiki, upande wa mbele unabeba msukumo wa kilo 300 hivi, usiku na mchana.

Nunua plaiwudi ya baharini, ile ambayo gundi ya tabaka zake haiachii majini, ya milimita 18. Muuzaji atakuapia kuwa ndiyo. Omba kipande, ukichemshe saa moja kwenye sufuria kuukuu. Tabaka zikiachana, tafuta duka jingine.

Ubao wa mbele ukate dirisha, ubakishe ukingo wa sentimita 8 pande zote. Unga sanduku kwa epoksi na skurubu zisizoshika kutu, moja kila sentimita 10. Juu, katikati, kingamisha ubao kutoka mbele hadi nyuma, la sivyo pande ndefu zitatuna.

Sasa kona. Changanya epoksi na vumbi laini la mbao mpaka iwe uji mzito usiodondoka kijikoni. Jaza kona zote za ndani, kisha pitisha mgongo wa kijiko ziwe mviringo, maana kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) hakikunjiki kwenye kona kali. Kabla haijakauka kabisa, laza utepe wa faiba wa sentimita 10, uuloweshe epoksi na uukandamize kwa brashi mpaka weupe wote upotee. Palipobaki weupe pana hewa, na maji yatapafikia. Halafu paka ndani kote mikono mitatu, pamoja na kingo za dirisha na kila tundu la bomba. Changanya kidogo kidogo. Kwa joto letu, kikombe kilichojaa huchemka chenyewe na kugandia mkononi.

Hapa ndipo nilipoumia. Tangi la kwanza nililipaka mwezi wa Mei, mvua za masika zikinyesha. Epoksi ikikauka kwenye unyevu inaweza kutoa utando mwembamba kama mafuta. Macho huukosa, kidole huuhisi kikiteleza. Sikuuosha. Silikoni, ile gundi ya mpira inayoshikiza kioo, ikashika utando badala ya epoksi. Siku ya tisa, kabla ya adhana ya alfajiri, mama watoto aliniamsha: maji yamefika chini ya kitanda. Niliivuta ile silikoni kwa vidole viwili, ikatoka nzima kama utepe. Samaki kumi na wanne walikufa, na bado nawakumbuka.

Basi osha kwa maji ya vuguvugu na sponji ya vyombo, mara mbili. Piga msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, ngoja siku saba.

Laza sanduku kifudifudi. Mwaga silikoni nene kama kidole kuzunguka dirisha bila kukata. Iwe isiyo na dawa ya ukungu, kwani ile ya bafuni huua samaki. Weka vipande vya mpira vya milimita 3 ili isikamuliwe yote, kisha watu wawili mteremshe kioo cha milimita 12 kwa ndani, kikalie ukingo angalau sentimita 5 kila upande. Kikiwa ndani, maji yenyewe hukigandamiza kwenye ubao. Kiache wiki nzima.

Lijaribu uani, juu ya sakafu uliyoipima kwa pima maji. Jaza theluthi kila siku, na utandaze karatasi ya chooni chini ya maungio yote: hata tone moja litaacha doa. Likae limejaa wiki moja.

Baada ya hapo chujio lifanye kazi wiki nne hadi sita kabla ya samaki wengi. Maji ya visima vyetu, yakiwa hayana chumvi, ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, kwa sababu ya mawe ya matumbawe. Mimi nimefuga mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa wanaopenda maji kama hayo, na wanazaa.