Umeingia Uingereza? Haya ni ya bure, usiuziwe

Mgeni anayefika Uingereza hupokewa na watu wema wengi. Wanampa pa kulala, wanamwonyesha jinsi ya kupanda basi, wanamwazima koti. Wapo pia wanaomwona kama mteja. Huyu anamtoza kwa kumjazia fomu ya daktari, yule anamuuzia namba ya National Insurance, ile inayotumika kwenye kazi na kodi, mwingine anataka chochote ili amtafutie mtoto nafasi ya shule. Yote hayo ni bure, na mwenye simu na utulivu wa nusu saa anaweza kuyafanya mwenyewe. Naandika kwa anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani, na ninayoyasema ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao katika afya, nyumba na shule.

Anza na viza yenyewe. Zile kadi za plastiki za ukaazi zilikoma mwisho wa mwaka 2024. Sasa ruhusa yako ya kuishi hapa iko mtandaoni, inaitwa eVisa, na akaunti yake inafunguliwa kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, bila malipo. Akaunti hiyo iwe na barua pepe yako na namba yako ya simu, isiwe ya wakala aliyekushughulikia safari. Nalisisitiza hili kwa sababu ndani ya akaunti hiyo ndimo unamotoa msimbo uitwao share code, ambao mwajiri na mwenye nyumba watakuomba. Wa kazi huanza na herufi W, wa nyumba huanza na R, na kila mmoja hudumu siku 90. Aliyeshika barua pepe ya akaunti yako anaweza kukufungia nje ya kazi na nyumba kwa siku moja. Ukibadilisha pasipoti, ingia uandike namba mpya kabla hujasafiri.

Kisha, wiki ya kwanza, kabla hujaumwa, jiandikishe kwa GP, yaani kituo cha daktari cha mtaa unaoishi. Huku huamki na kichwa kinauma ukaenda hospitali kubwa kupanga foleni ya daktari bingwa. Mlango wa kuingilia ni GP, na rufaa yake ndiyo inayokufikisha kwa bingwa. Kumwona hulipi. Na kama viza yako ilikutoza ada ya afya, ambayo sasa ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mwanafunzi au mtoto, basi hata hospitali umeshailipia kabla hujapanda ndege. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa ada hiyo, na huduma wanayopata ni ileile.

Wengi hukwamia mapokezi. Karani anaomba pasipoti na bili ya umeme yenye jina lako. Wewe umefikia kwa binamu, bili zote ni za binamu, unaaga na kurudi nyumbani. Usiondoke. Mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, unasema wazi kwamba kukosa kitambulisho, uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji si sababu ya kumkataa mtu. Mwambie kwa adabu kwamba unaishi ndani ya eneo lao, huna bili, unaomba kusajiliwa, na kama haiwezekani unaomba sababu kwa maandishi. Kituo kinachomkataa mtu kinatakiwa kumpa sababu hiyo kwa maandishi ndani ya siku 14, kwa hiyo mara nyingi ombi hilo linatosha kuileta fomu mezani. Kama Kiingereza bado kizito, omba mkalimani wa Kiswahili. Hiyo nayo ni bure, kwa GP na hata unapopiga 111 kuomba ushauri wa ugonjwa usio wa dharura. Dharura ya kufa na kupona ni 999.

Kuna hofu inayowaumiza watu bure. Viza nyingi zina sharti la kutopokea fedha za umma, na wapo wazazi ambao kwa hofu hiyo huacha hata kumpeleka mtoto chanjo. Sharti hilo linahusu posho kama Universal Credit na Child Benefit. Kumwona GP, kutibiwa NHS na kusomesha mtoto shule ya serikali havimo. Dawa ndizo zenye bei, pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa na daktari, ila watoto wa chini ya miaka 16, waliofika miaka 60 na wajawazito wenye cheti hawalipi. Mama akija kukutembelea kwa viza ya matembezi, habari ni nyingine. GP atamwona na chumba cha dharura kitampokea bure, lakini akilazwa wodini atatozwa asilimia 150 ya gharama. Mkatie bima ya safari kabla hajaondoka nyumbani.

Tuje kwenye chumba, maana hapa ndipo pesa nyingi za wageni zinapopotelea. Usitume hata pauni moja kwa chumba ulichokiona kwenye picha za WhatsApp. Kama bado uko Dar au Nairobi, tuma ndugu au rafiki akakitazame. Akifika aivute kabati mbele na atazame ukuta wa nyuma, kisha pembe za dari na fremu za dirisha. Ukungu mweusi hujificha hapo, na rangi mbichi iliyopakwa sehemu moja tu ya ukuta ni dalili kwamba umefunikwa juzi. Afungue bomba la maji moto asubiri yafike. Aulize hita inawashwa na nani, kwa kuwa zipo nyumba ambazo mwenye nyumba huizima mchana kutwa. Aangalie kama kuna king'ora cha moshi, na kama nyumba ina gesi aombe kuona cheti cha ukaguzi wa mwaka, ambacho sheria inamtaka mwenye nyumba awe nacho.

Kuhusu malipo, sheria ya 2019 imempunguzia dalali meno. Hakuna kulipia kutazama nyumba, hakuna ada ya kuandaa mkataba wala ya kukuchunguza. Pesa ya kushikia chumba haizidi kodi ya wiki moja. Amana haizidi kodi ya wiki tano, na ni lazima ndani ya siku 30 iwekwe katika moja ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa, nawe upewe karatasi inayosema ni mfuko gani. Zamani mgeni asiye na mdhamini alikuwa akidaiwa kodi ya miezi sita kwa mpigo. Sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa 2025 inaweka kikomo cha mwezi mmoja kwa mikataba inayofungwa kuanzia Mei 1, 2026. Ila ujue jambo moja linalotuhusu sana sisi tunaopanga chumba ndani ya nyumba ya mtu: ukiishi na mwenye nyumba chini ya paa moja, ulinzi wa mifuko ile haukuhusu. Basi lipa kwa benki, si mkononi, na kila mlichokubaliana kiandikeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu na hata kama ni mtu wa kwenu. Hasa kama ni mtu wa kwenu, maana hapo ndipo watu wanaona haya kuandikishana.

Mita ya umeme ya kulipia kabla utaielewa mara moja kama umezoea LUKU, lakini ina tofauti moja inayowashtua wengi: kuna tozo ya kila siku inayokatwa hata kama hukuwasha taa. Ukisafiri wiki tatu bila salio, utarudi ukute deni. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie ndani hata baridi ikizidi, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Kazi sasa. Namba ya National Insurance unaiomba gov.uk bila malipo, na si lazima uisubiri. Ukiwa na share code inayoonyesha unaruhusiwa kufanya kazi, unaweza kuanza. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma muda wote kwa kawaida haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wala kujiajiri, na hapo kuendesha baiskeli ya kupeleka chakula majumbani kunahesabika kujiajiri. Wanaokukodishia akaunti zao za kazi hizo wanakuweka wewe hatarini, si wao.

Karatasi yako ya mshahara isome mstari kwa mstari. Tafuta msimbo wako wa kodi (tax code) umeandikwaje: wengi wenye kazi moja wana 1257L, maana yake pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato. Ukiona BR au 0T na hiyo ndiyo kazi yako pekee, huenda unakatwa zaidi ya unavyopaswa. Wasiliana mwenyewe na HMRC, yaani mamlaka ya kodi. Pesa hurudishwa bila ada, ilhali kampuni za "kukurudishia kodi" hukata fungu lao humo humo. Kima cha chini kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Kwa wanaohudumia wazee majumbani, muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine nao ni kazi na lazima uingie kwenye hesabu hiyo. Kama mwajiri anauruka, Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, watakushauri bure kwa simu.

Na hili la cheti cha udhamini wa kazi, kile anachotoa mwajiri ili mtu aombe viza ya kazi. Watu wetu wameuza mashamba kukinunua. Wakala haruhusiwi kisheria kukutoza kwa kukutafutia kazi, na mwajiri haruhusiwi kukubebesha wewe gharama ya kutoa cheti hicho. Tangu Julai 22, 2025 njia ya kuwaleta wahudumu wa wazee kutoka nje imefungwa, kwa hiyo anayekwambia leo ana nafasi ya namna hiyo kwa ajili ya mdogo wako aliyeko Mwanza au Kisumu anakudanganya. Kama uko tayari hapa na mwajiri wako amenyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi, kwa kawaida utapewa siku 60 za kutafuta mwingine. Usizipoteze kwa mshauri wa mitaani. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye tovuti ya Immigration Advice Authority. Ofisi za Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, nazo ni bure.

Shule ya mtoto unaiomba kwa halmashauri ya eneo lako, tena bila ada, na watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wanapewa chakula cha mchana bure. Leseni ya udereva ya Kenya, Tanzania au Uganda unaitumia miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, baada ya hapo haibadilishwi, unaanza upya: leseni ya anayejifunza kuendesha kwa pauni 34 mtandaoni, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Ukiipita hiyo miezi, bima yako inaweza kukukana siku ya ajali.

Baridi utaizoea. Giza ndilo linalochosha. Desemba, London, jua linazama saa kumi kasoro jioni, na anayefanya kazi ya ndani anaweza kumaliza wiki hajaliona. NHS inashauri kila mtu ameze vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, msimu wa baridi, na wenye ngozi nyeusi kama sisi mwaka mzima. Ni kidonge cha bei ndogo sana dukani, nunua.

Chakula hakitakusumbua. Mboga inayouzwa madukani kama spring greens ukiikata nyembamba na kuikaanga na kitunguu ni sukuma wiki kabisa. Unga mweupe wa ugali uko kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia. Ule wa njano unaoandikwa polenta uache. Ukipita Leicester, barabara ya Belgrave, salimia kwa Kiswahili bila woga: wazee wengi wa pale walitoka Uganda mwaka 1972, wengine Kenya na Tanzania, na bado wanakijua. Kaskazini mwa London utakutana na Wabarawa, watu wa mji wa Barawa huko Somalia, na Kiswahili chao cha Chimwiini.

La mwisho wengi hawaliamini wanapoambiwa. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi hizo ziko Jumuiya ya Madola, wakiwa hapa na viza halali wanaruhusiwa kupiga kura, za madiwani na hata za bunge la Uingereza. Wa Burundi na Kongo hawamo. Kujiandikisha ni bure, na kuna faida ya ziada: kampuni za mikopo na za simu huitazama orodha ya wapiga kura kuhakikisha unaishi unakosema unaishi, jambo linalomsaidia mgeni asiye na historia yoyote ya fedha hapa. Fomu iko gov.uk, itakuuliza namba yako ya National Insurance, na kila ukihama nyumba uijaze upya.