Amonia ikitoka, inakwenda wapi? Maandalizi ya gesi ya amonia kabla meli haijajaza mafuta

Meli ya kuendeshwa kwa amonia si habari ya maabara tena. Machi 2024, Fortescue Green Pioneer ilipakia tani 3 za amonia kimiminika huko Singapore na kuichoma kwenye injini zake. Agosti mwaka huohuo tagi (meli ndogo ya kuvuta meli kubwa) ya Kijapani Sakigake, ambayo awali ilitumia gesi asilia kimiminika, ilikamilishwa kama tagi ya amonia na kupelekwa kazini Ghuba ya Tokyo. Mabaharia watakaopangiwa meli za aina hii wanazidi kuongezeka, na somo la kwanza linalowangoja si injini. Ni ile gesi isiyochomwa.

Kabla ya kugusa vali yoyote, chukua mchoro wa mabomba na kalamu, ufuatilie kila tundu ambalo amonia inaweza kutokea hadi mwisho wake. Wengi hufikiria vali za usalama za matangi tu. Hizo hufunguka kwa nadra, na aghalabu zinaelekea moja kwa moja kwenye mlingoti wa kutolea gesi. Amonia ya kila siku hutoka kwingine: hozi ya kujazia ikimaliza kazi, kipande cha bomba kati ya vali mbili zilizofungwa, na mfumo mzima wa mafuta kila injini inapozimwa au kurudishwa kwenye dizeli. Mara zote hizo naitrojeni husukuma mabaki nje, na mabaki hayo ndiyo yanayopaswa kutibiwa. Bomba lolote ambalo kalamu yako imeshindwa kulifikisha mwisho, usikubali mfumo uwashwe mpaka mtu akuonyeshe linakoishia.

Njia iliyozoeleka ni kuipitisha gesi kwenye maji, kwa kuwa amonia inayapenda maji kupita kiasi. Lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 inaweza kumeza karibu nusu kilo. Hapo ndipo watu hudanganyika. Tuseme mabomba yamebaki na kilo 20 na tangi la kupokelea lina lita 1,000 za maji. Kwa hesabu ya haraka nafasi imejaa tele, maana tangi lingeweza kumeza mara ishirini na zaidi. Lakini kila kilo ya gesi inayoyeyuka hutoa joto la takribani megajuli 2, kwa hiyo maji yatapanda karibu nyuzi 10. Nayo maji yenye asilimia 2 tu ya amonia, hata yakiwa na nyuzi 25, hewa iliyotulia juu yake hubeba kiasi cha sehemu 20,000 za amonia kwa milioni. Kiwango cha kazi ya saa nane ni sehemu 25 kwa milioni; 300 tayari ni hatari kwa uhai.

Sasa lete naitrojeni. Yenyewe haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana, inapita kama mapovu, na kila povu linalopanda linakomba amonia iliyokwisha kamatwa na kuipeleka mlingotini. Yaani mfulizo wa pili wa usafishaji unaweza kutoa nje kile ambacho wa kwanza ulikinasa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalostahili kuulizwa kwanza unapopanda melini: baada ya tangi la kwanza kuna nini? Jibu zuri ni hatua ya pili yenye maji safi yanayomwagika kinyume na mwelekeo wa gesi, au maji yaliyotiwa asidi. Asidi ya salfa huigeuza amonia kuwa chumvi isiyoruka hewani, ileile ambayo wakulima wa Tanzania huinunua kama mbolea ya SA. Ila kila kilo ya amonia inadai takribani kilo 2.9 za asidi, kwa hiyo ni busara kuitumia kumalizia tu, si kubeba mzigo wote. Pima uchachu na joto la maji kabla ya kila kazi, na uandike.

Kuna hatari ya kimyakimya pia. Gesi ikikoma ghafla, amonia iliyobaki bombani huyeyuka haraka na kuacha ombwe, nalo huvuta maji yarudi juu kuelekea mfumo wa mafuta. Hakikisha kuna vali ya kuzuia kurudi na ya kuingiza naitrojeni kuvunja ombwe hilo, na kwamba zimejaribiwa karibuni.

Usikubali maji ya bahari yatumike kuoshea gesi kwa sababu tu yapo mengi. Amonia huyafanya yawe na alkali, na magnesiamu iliyomo huganda na kuziba vinyunyizio. Vivyo hivyo, usisafishe mabomba kwa gesi ya moshi badala ya naitrojeni: kabonidioksidi ikikutana na amonia hutengeneza chumvi ngumu ndani ya bomba. Kagua pia kama hakuna mtu aliyefunga kiungo cha shaba au chenye zinki wakati wa matengenezo.

Mifumo mingine huichoma gesi badala ya kuiosha. Inafaa, ila amonia huwaka kwa ugumu, kati ya asilimia 15 na 28 hivi hewani, kwa hiyo mwali unahitaji mafuta ya kuusaidia. Na moto uliorekebishwa vibaya hutoa nitrasi oksidi, inayopasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kabonidioksidi.

Kisha upepo. Vitabu husema amonia ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli, lakini ikimwagika ikiwa baridi, karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, hujichanganya na unyevu na kutambaa sitahani kama ukungu mzito. Kila mtu ajue asubuhi hiyo joshini, yaani upepo unakotoka, ni upande gani, na njia mbili za kukimbilia, si moja. Pua usiitegemee: huinusa mapema kisha huizoea. Vaa mavazi yasiyopitisha gesi, hakikisha mtungi wa hewa umejaa, na fungua bomba la kuoshea macho kwa mkono wako uone maji yanatoka.

Mwisho ni maji machafu ya tangi. Amonia huua samaki hata ikiwa kidogo, kwa hiyo hayamwagwi baharini kienyeji. Uliza bandari unayoelekea kama inayapokea na kwa kiasi gani, na ikiwa jibu ni hapana, pima nafasi iliyobaki tangini kabla ya kukubali kujaza amonia nyingine.