Ampu ya kidijitali inasikika vibaya kwenye boksi la spika: tafuta kosa hatua kwa hatua

Kwenye hedifoni ampu ya kidijitali ya gitaa, yaani kifaa kinachoiga ampu halisi, inasikika kama rekodi ya studio. Ukiipeleka kwenye boksi lenye spika za inchi 12, sauti inaziba, inakosa makali, au inakwaruza masikio. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kifaa hiki hakiigi ampu peke yake: kinaiga priampu (sehemu inayotengeneza sauti), pawa-ampu (sehemu inayoipa nguvu ya kusukuma spika), spika, boksi lake, na hata maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya boksi. Wewe sasa umeleta spika na boksi vya kweli, pengine na pawa-ampu ya kweli, huku vile vya kuigwa bado vikifanya kazi. Sauti inapita sehemu ileile mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kugusa besi na trebo, hesabu ulicho nacho kwa mbao na waya, kisha hichohicho kiondoe ndani ya kifaa.

Mifano hapa ni ya Line 6 HX Stomp, Boss za familia ya GT, Kemper na Fractal. Kama una kifaa kingine, majina ya menyu yatabadilika ila mantiki ni ileile.

Hatua ya 1: Tambua boksi lako

Angalia kama boksi lina twita au honi (spika ndogo ya masafa ya juu) juu ya spika kubwa. Likiwa nayo, kama zilivyo monita za jukwaani, spika za PA (mfumo wa sauti wa ukumbi) na ampu nyingi za kinanda, hilo ni boksi la masafa yote, na uigaji wa spika UBAKI umewashwa. Ukiuzima utasikia mikwaruzo mikali ya masafa ya juu, hasa ukiwa na distoshoni. Hili ndilo kosa linalosikika makanisani pale mpiga gitaa anapochomeka pedali moja kwa moja kwenye miksa.

Likiwa na spika za gitaa pekee, za inchi 10 au 12, bila twita, endelea na hatua ya 2. Spika ya gitaa yenyewe ni kichujio. Celestion Vintage 30, kwa mfano, imeandikwa masafa ya 70 hadi 5,000 Hz tu, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Ndiyo maana haihitaji spika nyingine ya kuigwa mbele yake.

Hatua ya 2: Zima spika ya kuigwa

Dalili ya spika mbili zinazofuatana haijifichi: sauti kama imefunikwa blanketi, midi zimejaa puani, na kuongeza trebo hakusaidii.

Kwenye HX Stomp usichague bloku ya Amp+Cab. Chagua Amp peke yake, na ufute bloku ya Cab au IR, zote mbili ni spika ya kuigwa. Kwenye Boss za GT nenda OUTPUT SELECT: LINE/PHONES huwasha uigaji wa spika, kwa hiyo chagua jina linalofanana na ulichochomeka, kama JC-120 RETURN, COMBO RETURN au STACK RETURN. Kemper ina Monitor Cab Off kwenye menyu ya Output, nayo huondoa spika kwenye tundu la Monitor pekee na kuiacha kwenye Main. Fractal ina swichi ya Cabinet Modeling kwenye mipangilio ya jumla.

Hakikisha umezima kwenye preseti (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) zote utakazotumia, si ile moja uliyokuwa ukijaribia.

Hatua ya 3: Ingia kwa mlango sahihi, na amua kuhusu pawa-ampu

Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima, kwa sababu kila mpangilio unatoa sauti. Hakuna kinachokataa kufanya kazi, ila mmoja tu ndio ulio sawa.

Njia ya kwanza ni pawa-ampu ya transista, ya kujitegemea, kama Seymour Duncan PowerStage. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayenunua upya. Ni nyepesi, haina rangi yake kubwa, na inakuachia kifaa kifanye kazi yake. Tumia mfano kamili wa ampu, yaani priampu pamoja na pawa-ampu ya kuigwa. Usizime pawa-ampu ya kuigwa hapa. Ampu ya vali (taa za kioo badala ya transista) haiishiki spika kwa nguvu kama transista, kwa hiyo pale spika inapopandisha ukinzani wake, chini kwenye mtetemo wake wa asili (75 Hz kwa Vintage 30) na tena juu kwenye trebo, ampu ya vali hutoa besi na trebo zaidi. Transista hutoa volti sawa kila mahali. Ukiondoa pawa-ampu ya kuigwa, unaondoa pia mwinuko huo, na gitaa linabaki kavu, midi tupu. Wengi husikia hivyo na kulaumu pawa-ampu.

Njia ya pili ni tundu la RETURN la ampu ya vali, linaloruka priampu na kuingia moja kwa moja kwenye pawa-ampu; kwenye baadhi ya Fender limeandikwa POWER AMP IN. Sasa una pawa-ampu ya kweli yenye tabia zake, kwa hiyo anza na mifano ya Preamp kwenye HX, au zima Power Amp Modeling kwenye Fractal. Sisemi ni sheria. Vali zikiwa zinafanya kazi kwa upole huwa safi, na mfano kamili unaweza kupendeza pia ukishusha Master (volyumu kuu) yake ndani ya kifaa. Jaribu zote mbili, lakini kwanza sawazisha ukubwa wa sauti kati yake. Ukilinganisha mbili zenye ukubwa tofauti, utachagua yenye kelele zaidi kila mara na utadhani umechagua iliyo bora.

Kuna mitego minne kwenye RETURN:

Wa kwanza ni kiwango cha ishara. Vifaa vingi vina chaguo la Line (ishara yenye nguvu) au Instrument (ishara dhaifu kama ya gitaa) kwenye matokeo. RETURN ya ampu nyingi za gitaa haikutengenezwa kwa Line, na ukiipa Line inajaa na kuchafua hata preseti safi. Anza na Instrument, weka volyumu ya kifaa karibu na juu kabisa, kisha pandisha ampu. Roland JC-120 ina swichi ndogo nyuma ya -20 na +4: ikiwa +4, ipe Line. Kujua kama tatizo ni kujaa, shusha volyumu ya kifaa nusu na pandisha ampu kufidia. Uchafu ukiondoka, ulikuwa ukijaza mlango.

Wa pili ni mahali ilipo Master. Kwenye ampu fulani Master iko kabla ya RETURN, maana yake ukichomeka hapo hakuna kitasa cha ampu kinachopunguza sauti, na pawa-ampu inatoa nguvu zote. Shusha kifaa hadi sifuri kabla ya kuwasha, kisha panda taratibu.

Wa tatu ni mzunguko wa efekti ulio sambamba, yaani unaochanganya sauti ya RETURN na ya priampu ya ampu. Ukiona kitasa cha MIX nyuma, kizungushe hadi mwisho. Kikiwa katikati utapata sauti dhaifu na kelele za priampu usiyoitumia.

Wa nne: kitasa cha Presence (cha makali ya juu kabisa) kwa kawaida kiko kwenye pawa-ampu, kwa hiyo kinaendelea kufanya kazi hata ukiingia kwa RETURN. Kiweke chini, kisha Presence ya kifaa ndiyo ikuongoze.

Njia ya tatu ni kuingia mbele, tundu la gitaa, kwa sababu ampu haina RETURN. Marshall 2203 za zamani na Fender Twin Reverb ni hivyo. Hapa usitumie mfano wa ampu kabisa. Tumia kifaa kama kundi la pedali: kompresa, ovadraivu, korasi, dilei. Kuweka priampu ya kuigwa mbele ya priampu ya kweli ni chanzo cha sauti mbovu kuliko zote, na hakuna ikwalaiza itakayoiponya. Kama huna budi, kwenye ampu ya aina ya Fender shusha besi na trebo hadi karibu 2 na upandishe midi hadi 10. Hapo vitasa vyake havipindi sauti sana.

Jambo moja la mwisho kwenye matokeo: boksi likiwa moja, tumia tundu la LEFT/MONO na uache la RIGHT tupu kabisa. Kebo ikiwa imechomekwa RIGHT, hata kama inaning'inia tu, kifaa kinadhani unatumia stirio na hakichanganyi tena pande mbili. Utapoteza nusu ya dilei, na korasi itakuwa nyembamba.

Hatua ya 4: Omu na kebo

Omu ni kipimo cha ukinzani wa boksi. Transista: usishuke chini ya omu za chini zilizoandikwa. Kupanda juu ni salama ila unapoteza nguvu, kwa makadirio nusu kila omu zinapokuwa maradufu. PowerStage 170 hutoa wati 170 kwa omu 4. Kwenye boksi la omu 16 usitarajie zaidi ya robo. Vali: tundu la omu lilingane na boksi, na kamwe usiwashe bila spika kuchomekwa, transfoma ya matokeo inaweza kuungua.

Boksi lisilo na maandishi lipime kwa multimita kwenye ncha za kebo. Ukisoma 6 hadi 7, ni omu 8. Ukisoma karibu 12 au 13, ni 16. Spika mbili za omu 8 sambamba ni 4, mfululizo ni 16.

Kati ya pawa-ampu na boksi tumia kebo ya spika, yenye nyaya mbili nene zinazofanana. Kebo ya gitaa ina waya mwembamba wa katikati, inapata moto, na ikijigusa ndani unaua ampu. Zinafanana kwa nje, kwa hiyo ziwekee alama ya tepu.

Hatua ya 5: Spika zinazopingana

Boksi la spika mbili au nne linalotoa sauti nyembamba, isiyo na besi, ambayo kila spika peke yake iko sawa, huenda limeungwa chanya na hasi kinyume. Chomoa boksi kwenye ampu. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye ncha ya jeki na hasi kwenye mwili wake, sekunde moja tu. Koni zote zinapaswa kusogea upande mmoja, kwa kawaida kuja mbele. Moja ikirudi nyuma, badilisha nyaya zake. Boksi lililowahi kubadilishwa spika kwa fundi likaguliwe hivi kabla ya jambo lolote lingine.

Hatua ya 6: Rekebisha sauti ikiwa kubwa, umesimama mahali sahihi

Preseti iliyotengenezwa nyumbani kwa sauti ndogo haitakaa sawa jukwaani. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio husikia besi na trebo kwa udhaifu kuliko midi. Ukiwa chumbani unaongeza besi na trebo kufidia, na ukipandisha volyumu zinakugeuka: besi inavuma, trebo inachoma. Panga preseti kwa ukubwa wa mazoezi, ngoma na besi vikipigwa.

Halafu tazama unaposimama. Spika ya inchi 12 hurusha trebo kama mwali mwembamba mbele yake. Boksi likiwa sakafuni, mwali unapita magotini mwako. Wewe unasikia sauti butu, unaongeza trebo, na aliye mstari wa mbele ndiye anayeumia. Inua boksi kwenye stendi au kreti imara, au liinamishe nyuma, mpaka katikati ya spika ielekee kichwani. Kuliinua kunapunguza pia besi ya sakafu. Kwa mpiga solo wa sebene hili ni muhimu kuliko kwa mtu wa distoshoni, kwa sababu noti safi za juu ya shingo ya gitaa ndizo zinazochoma zaidi.

Baada ya hapo ndipo uguse ikwalaiza, na kidogo: kata chini ya 80 hadi 100 Hz, besi ya bendi ichukue nafasi hiyo. Kikibaki kikwaruzo, shusha Presence kabla ya trebo. Nashauri ufanye haya kwenye ikwalaiza ya jumla ya kifaa, si preseti moja moja, maana tatizo ni la boksi na ukumbi.

Kelele ya mvumo inapotokea ukiunganisha kifaa na ampu kwa wakati mmoja na miksa, chomeka vyote kwenye soketi moja, au tumia DI (kisanduku cha kuunganisha kifaa na miksa) yenye swichi ya kukata ardhi ya ishara. Usikate pini ya ardhi ya plagi ya umeme kwa sababu yoyote.

Hatua ya 7: Boksi kwako, miksa kwa watu

Miksa inahitaji spika ya kuigwa, boksi halihitaji. Kwa hiyo toa njia mbili. Kwenye HX Stomp weka bloku ya Send baada ya ampu na kabla ya Cab, tundu la SEND liende kwenye pawa-ampu, na Main liende miksa. Kwenye Kemper Monitor Cab Off imeshakufanyia. Kama kifaa chako kina tokeo moja tu, liache boksi bila uigaji na umwombe fundi sauti asimamishe maikrofoni, Shure SM57 inatosha, sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa, kati ya kitovu na ukingo wa koni. Ikisikika kali kwenye PA, isogezwe kuelekea ukingoni, bila kugusa preseti yako.