Sayanosisi: usingoje mtoto awe buluu, mfunue mdomo

Daktari akiandika sayanosisi, neno lenyewe ni la Kigiriki, kyanos, yaani buluu iliyokoza, na ile osisi ya mwisho ni kuwa katika hali hiyo. Hata sayanaidi ile sumu jina lake limetoka hapohapo, kwa sababu mwanzo ilitolewa kwenye rangi ya buluu ya wachoraji. Kwa mgonjwa maana yake rangi ya mwili imegeuka kwa sababu damu imepungukiwa oksijeni.

Sasa jina linasema buluu na sisi ngozi zetu nyeusi hazigeuki buluu, zinapiga kijivu kama mtu kajipaka jivu. Mtoto wa dada yangu hapa Majengo alikuwa anahema mbio, sote tunamkodolea mashavu kwa ile taa ya manjano ya sebuleni, tunasema mbona rangi yake iko sawa, mpaka nyanya akasema hebu leteni tochi ya simu, akamfunua mdomo kwa kidole na ulimi ulikuwa zambarau kabisa. Tukakimbia hospitali usiku huohuo, na alhamdulillahi alipona.

Kwa hivyo fanya hivi. Msukutue kwanza kama amekula zambarau au ubuyu, maana hizo rangi zitakudanganya, kisha mulika kwa taa nyeupe au mpeleke dirishani, uangalie ulimi, fizi na midomo kwa ndani. Kucha angalia pia lakini zikiwa na hina au piko achana nazo, na kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni pia hakipendi kucha zilizopakwa, tena kwa ngozi nyeusi wakati mwingine kinasoma juu kuliko ukweli.

Vidole peke yake vikibadilika na ulimi uko pinki, mara nyingi ni baridi tu, na kichanga wa siku moja mbili mikono na miguu huwa hivo. Ulimi ukibadilika, hapo hakuna kungoja asubuhi, hakuna kumsugua mafuta, ni hospitali.

Na hili nawaomba sana mlishike, mtoto aliyeishiwa damu, kama wale wa selimundu, yaani siko seli, anaweza kukosa oksijeni na rangi isionekane, kwa sababu inahitaji kama gramu 5 za hemoglobini (kile kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni) isiyo na oksijeni kwa kila desilita ya damu ndio rangi itokee. Huyo mvue shati umwangalie kifua, mbavu zikibonyea ndani kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, au ameshindwa kunyonya, mbebe muende hata kama ulimi wake ni pinki.