SOMO: Kuzima moto wa kontakti kwa swichi za DC (solar na betri)

Wadau wa Kisumu na nyinyi wa Nakuru pia, naona mafundi wengi bado wanafunga breka ya AC (ya stima ya nyumbani) kwa laini ya paneli, eti amp 32 ni amp 32. Si hivyo hata kidogo. Stima ya nyumbani ni 50 Hz, inapita sufuri mara 100 kila sekunde, so kontakti (vile vyuma vinavyogusana ndani ya swichi) zikiachana cheche inapata nafasi ya kufa yenyewe. DC, yaani stima ya paneli na betri inayopita upande mmoja tu, haina hiyo sufuri. Moto unavutika tu katikati ya kontakti, hewa yenyewe inapitisha stima, joto linafika maelfu ya nyuzi na shaba inayeyuka kwa nyuzi 1085. Angalia ile rilei (swichi inayowashwa kwa stima ndogo) ya bluu iko kila duka la elektroniki, imeandikwa 10A 250VAC alafu chini yake 10A 30VDC, na kontakti ni zile zile.

Hatua ya 1. Piga hesabu ya volti zikiwa wazi (bila mzigo), si za kazi. Paneli nane za volti 49 kwa siris (zimeungwa moja baada ya nyingine) ni 392, na asubuhi ya baridi ya Nakuru zinapanda zaidi ya hapo.

Hatua ya 2. Tafuta breka imeandikwa DC na volti zinazopita hizo. Ndani yake kuna sumaku inasukuma moto uingie kwa vibati vya chuma vilivyopangwa, unakatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinataka kama volti 20 ndio kiendelee kuwaka. Sasa vipande 25 vinataka 500, paneli zako ziko na 392, haziwezi kuvisukuma, moto unakufa. Hapa ndipo kazi yote iko jamani, breka ya DC inashinda kwa kudai volti nyingi kuliko ulizonazo.

Hatua ya 3. Breka za poli mbili au nne (yaani zenye njia mbili au nne za kukata) zifungwe siris vile mchoro wa kampuni unaonyesha, ndio moto ukatwe sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Ikiwa na alama za + na − zifuate, tafadhali sana. Sumaku yake ni ya upande mmoja, ukigeuza waya inasukuma moto mbali na vibati, urudi kwa mashine ya breka, na breka inaungua.

Hatua ya 4. Ukizima anza na mzigo, alafu inveta, alafu swichi ya DC, na uipige kwa nguvu mara moja usiivute polepole. Plagi ya MC4 (ile ya kuunganisha waya za paneli) usiichomoe jua likiwa linafanya kazi.

Maswali ya wanachama

Swali (Ahero): Fundi, mimi niko na betri ya 48 peke yake, breka ya AC si itatosha?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Volti ni kidogo sawa, lakini lithiamu ikipiga shoti inatoa maelfu ya amp. Weka fyuzi ya DC karibu kabisa na betri, na breka iwe ile isiyochagua + na −, kwa sababu betri inachaji na kutoa, stima inapita pande zote mbili.

Swali (Kondele): Waya za paneli zikigusana breka itaruka?
Jibu: Kwa laini moja ya paneli mara nyingi hairuki. Paneli ya amp 13 ikipiga shoti inatoa kama 14, sasa breka ya 20 itajuaje kuna shida? Ndio maana joint ilegee kidogo tu na inaweza kuwaka mchana mzima. Kaza screw vizuri, na MC4 mbili unazounganisha ziwe za kampuni moja.

Swali (Bungoma): Rilei ya pampu yangu ya 24V inaungua kontakti kila mara, ni mzigo mdogo tu
Jibu: Mota ni koili, ukikata inarusha volti za juu sana. Funga dayodi (inapitisha stima upande mmoja tu) sambamba na mota, ule mstari uangalie positive. Na rilei iwe ya DC yenye amp zaidi ya zile pampu inavuta ikianza, si ikikimbia.

Swali (Nakuru): na box ya DC ikiwaka moto tayari?
Jibu: Maji hapana mama. Zima mzigo kama unafikia bila hatari, tumia mtungi wa poda au CO2, toa watu, ita zimamoto na uwaambie mapema kwamba ni solar, maana jua likiwepo waya za kutoka kwa paa bado ziko na stima hata main switch ikiwa chini.