Pedali ya mwangwi: namna ya kulinganisha kabla hujalipa

Napiga solo kwenye bendi ya dansi, na vijana huniuliza pedali ipi ya mwangwi, yaani kile kiboksi cha kukanyaga kinachorudiarudia sauti ya gitaa, ni bora. Inategemea unapiga nini. Nenda dukani na gitaa lako mwenyewe, omba amplifaya isiyo na efekti nyingine, kisha jaribu mbili kwa zamu: ya analogi, mathalani MXR Carbon Copy, na ya dijitali, mathalani Boss DD-3.

Anza na mwangwi mfupi wa milisekunde 120 hivi, rudio moja. Hapo zinakaribiana, sauti inanenepa, basi.

Sasa refusha. Kwenye DD-3 geuza nobu (kirungu cha kuzungusha) ya mwisho hadi sehemu ya milisekunde 200 mpaka 800, weka kama 400, marudio matano. Carbon Copy haina namba za muda, kwa hiyo ifananishe kwa sikio, na kitufe chake kidogo cha kuyumbisha sauti kiwe kimezimwa. Piga noti moja uzi wa kwanza, nyamaza, sikiliza rudio la nne. La DD-3 bado lina mkwaruzo wa pleki, kile kidude cha kupigia nyuzi, limepungua sauti tu. La Carbon Copy limekuwa zito, makali yameisha. Chipu yake hupitisha sauti kwa kupokezana, kama watu waliopanga mstari wakipeana ndoo za maji. Ukirefusha muda mwendo unapungua na sauti za juu, zile nyembamba, zinapotea. Mwisho wake ni milisekunde 600.

Kwa sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanakimbia, mimi nachukua analogi bila kusita. Noti zinakimbia, na marudio makali yanagongana na noti mpya mpaka wachezaji hawajui washike ipi. Marudio mazito yanakaa nyuma, solo inabaki mbele. Ila ukitaka marudio yenyewe yapige mdundo, chukua dijitali. Kupata muda wa mwangwi, gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja: wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500. Robo tatu yake, 375, inaangukia kati ya pigo na pigo na inapendeza mno kwenye nyimbo za taratibu.

Mashine za mwangwi zinazotumia utepe kama Roland RE-201 ya 1974 zina sauti tamu inayoyumba kidogo, lakini utepe unachakaa na vichwa vinavyousoma vinahitaji kusafishwa. Kwa bendi inayosafiri, Boss RE-2 inayoiga sauti hiyo kidijitali inatosha.

Kabla ya kulipa, izime pedali, piga, kisha chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya upige tena. Zile sauti nyembamba za juu zikirudi ghafla, ujue pedali inazila hata ikiwa imezimwa. Angalia adapta: volti 9, hasi katikati. Halafu panda na nobu ya marudio polepole mpaka mwangwi uanze kuvuma wenyewe, uweke alama ya rangi hapo. Jukwaani taa zikiwa hafifu usiivuke.