Kabla ya kwenda kupimwa dopla: vitu vya kutengeneza ukiwa bado nyumbani

Wandugu wa Bukavu, wiki hii nimerudisha tena mzee moja bila kumpima na iliniuma kabisa. Alitoka Idjwi na boti, munganga wake alimuandikia dopla (ekografi yenye kupima mwendo wa damu) ya mishipa ya figo ju ya tansio yenye haishuke hata na dawa, alipofika bandarini njaa ikamushika, akakunywa chai ya maziwa na mandazi mbili, kisha akapanda moto (pikipiki) mpaka kwetu. Naweka sonda, kile kifaa cha mkononi chenye kutuma na kupokea mlio, kwenye tumbo, naona hewa tu, figo zimejificha nyuma ya utumbo. Hakuna mtu alikuwa amemuambia asikule. Njo maana naandika.

Kwanza tuelewane mashine inafanya nini, ju ukishaelewa hapo, mengine yote yanakuja yenyewe. Ekografi ya kawaida inatuma mlio wenye sikio la mtu haliwezi kusikia, mlio unagonga viungo vya ndani unarudi, mashine inachora picha. Dopla inatafuta kitu kingine: mlio uliporudi, umebadilika kiasi gani? Simama kando ya barabara pale Essence, moto ikuje mbio inapiga honi, utasikia ikija kwako honi iko juu, ikishakupita tu sauti inashuka, na dereva hajabadilisha kitu. Christian Doppler wa Austria aliandika jambo hilo mwaka 1842 akiwa Prague, na yeye alikuwa anafikiria mwanga wa nyota, si damu ya mtu. Kwetu sisi, ile moto ni chembe nyekundu za damu. Zikija upande wa sonda mlio unarudi umepanda, zikienda mbali unarudi umeshuka.

Tuseme sonda inatuma mitetemo milioni 5 kwa sekunde moja, damu inatembea nusu mita kwa sekunde, mlio unaingia kwenye mshipa kwa pembe ya digri 60. Tofauti inayorudi ni kama mitetemo 1,600 hivi kwa sekunde, na hiyo sasa sikio linaisikia. Ile fwuu, fwuu, fwuu unasikia ukiwa umelala pale kwenye kitanda ni hiyo tofauti mashine imeipeleka kwenye spika.

Kwa hiyo tunapima mwendo, na mwendo wa damu unabadilika kila saa kufuatana na umekula nini, umepanda mlima gani, umevuta nini, uko na baridi ama hapana. Asubuhi yako yote inaingia kwenye rezilta.

Sasa chakula. Kama karatasi inasema figo, ini, ama mishipa mikubwa ya tumbo, usikule kwa muda wa masaa 6 mpaka 8 mbele ya kupimwa, maana yake kula mapema jioni kisha lala, na jioni hiyo acha maharagi na soda yenye gesi. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni hewa, ju mlio haupite kwenye hewa. Ya pili watu wengi hawaijue: ukishakula, damu nyingi inakimbilia utumbo, mshipa unaoingia kwenye ini unajaa, na namba zinatoka tofauti kabisa na za mtu mwenye njaa, na munganga anaweza kusoma ugonjwa mahali ulikuwa ugali tu. Maji kidogo ya kumeza dawa hayana shida. Dawa ya tansio usiiache, hata ya kufanya damu isigande usiiache, kama munganga wako mwenyewe hajakuambia. Mwenye sukari asifunge kichwa-kichwa, aombe kupimwa wa kwanza asubuhi, aulize munganga kuhusu sindano yake, na abebe kitu cha kula kwenye mfuko.

Kama ni shingo ama miguu, kula vizuri, hakuna kufunga. Kwa shingo vaa nguo yenye kufunguka mbele, na cheni acha nyumbani. Kwa miguu vaa kitu kinachopanda kirahisi mpaka kwenye paja, dada akuje na kitenge cha kujifunika ni vizuri zaidi. Na hapa kwetu kuko kitu sioni kikiandikwa popote: vilima. Mtu anapanda kwa mguu kutoka chini Kadutu, anafika anahema, damu ya miguu inakimbia mbio kwa sababu misuli imefanya kazi, na mimi nikimupima hapo hapo naona mwendo wa mtu wa michezo. Fika mbele ya saa, kaa, pumua, dakika 15. Sigareti pia hapana asubuhi hiyo, inabana mishipa. Na kama mvua imekunyeshea sema, tutakufunika miguu ipate joto kwanza.

Lakini mguu moja ukivimba ghafla, unauma, uko moto kuliko ule mwingine, usitafute maandalio yoyote, kuja leo leo. Usiukandekande na mafuta. Damu iliyoganda ikitoka pale inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu, na ukianza kukosa pumzi usipite hata kwetu, nenda moja kwa moja lopitali.

Mama mwenye mimba, wewe kula, kunywa, kuja. Miezi ya mwisho tunaangalia kamba ya kitovu: moyo wa mtoto ukipumzika kati ya pigo na pigo, damu inapaswa kuendelea kwenda mbele kuelekea kondo (plasenta). Ikisimama hapo katikati, kondo linachoka na waganga wanapaswa kujua haraka. Tutakulaza kidogo upande wa kushoto, na mtoto akiwa na kwikwi tutangoja imalizike, usikasirike kwamba tunachelewa. Mimba ya wiki za kwanza, hatuwashi dopla hivi hivi kwa kufurahisha, ju nguvu yake inakusanyika mahali padogo na inaweza kuleta joto. Haiko miale kama ya radiografi, hilo usiogope, ila lazima kuwe na sababu.

Ukiwa kwenye kitanda, tukikuambia shika pumzi, shika. Mlio ukigonga mshipa wima kabisa, digri 90, mashine haioni mwendo hata damu ikikimbia namna gani, kwa hiyo tunatafuta pembe ya 60 ama chini yake, na wewe ukigeuka kidogo tu pembe imepotea tunaanza upya. Na ukiona rangi usishtuke: nyekundu ni damu inayokuja kwenye sonda, buluu ni inayoenda mbali, basi. Mama moja alilia akiona buluu kwenye mguu wake, alifikiri damu imeoza.

Mbele ya kutoka nyumbani piga simu. Uliza kama mashine yao iko na dopla kweli, ju si kila ekografi iko nayo, na uliza kama umeme uko ama jenereta iko na mafuta. Beba karatasi ya munganga yenye kusema anatafuta nini, si neno "dopla" peke yake, na rezilta za zamani hata kama zimekunjika, ju mshipa uliokuwa umebanwa mwaka jana tunataka kuulinganisha na wa leo.

Yule mzee atarudi Alhamisi. Nimemuandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: dawa ya tansio kunywa na maji kidogo, mandazi weka mfukoni, utakula tukimaliza.